Ndoto uliyoiweka kando miaka 20 iliyopita: jinsi ya kuirudia ukiwa umeshakuwa mtu mzima

Kuna kosa moja watu wengi tunalifanya, na mimi nimelifanya miaka mingi sana. Mtu akifika miaka 40 na kitu au 50, siku moja ile ndoto yake ya zamani inamrudia kichwani, na inarudi vile vile ilivyokuwa, ukubwa ule ule, picha ile ile ya kijana wa miaka 18. Anaiangalia, anajiangalia na yeye, anaona watoto, kodi ya nyumba, magoti yanayouma, kazi ambayo haipendi lakini ndiyo inalisha watu, anasema haiwezekani, anaifunika tena. Na akishaifunika mara mbili tatu anaanza kuamini kwamba muda wake umepita. Mimi nasema kilichopita ni ile picha tu, ndoto yenyewe mara nyingi bado ipo hai na inaweza kufanyika ila kwa umbo lingine, na kazi yako ya kwanza ni kuitenganisha hiyo ndoto na hiyo picha.

Mi nilitaka kuwa daktari. Shule niliiacha nikiwa na miaka 17 kwa matatizo ya nyumbani, nikaolewa, nikazaa, nikafanya kazi stoo ya vifaa miaka 19, kuandika vilivyoingia na vilivyotoka. Nilivyofika 44 mama yangu akaugua, nikakaa naye wodini wiki tatu, na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba nilikuwa nakaa pale pembeni sijui hata namna ya kumgeuza bila kumuumiza. Nesi mmoja alikuja akaniambia shika hapa begani na hapa nyongani, mvute kwako taratibu, mama akalala upande bila hata kuguna. Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari nikaandika juu kabisa, nilitaka kuwa daktari, halafu nikaanza kufuta kimoja kimoja vitu nilivyokuwa navitaka kipindi kile. Kuitwa dokta, nikafuta, sikuona kama naumia. Mshahara mkubwa, nikafuta, ilinibana kidogo lakini ikafutika. Kuwaonyesha ndugu fulani waliosema siwezi, hapo nilisita sana ila nikafuta. Kikabaki kitu kimoja ambacho mkono ulikataa kabisa kukifuta: kukaa pembeni ya mgonjwa na kujua cha kufanya.

Hicho ndicho kiini, na wewe kitafute cha kwako hivyo hivyo, kwa kufuta. Usijiulize napenda nini, maana hilo swali linampa mtu majibu mia, jiulize nikiondoa hiki bado nitataka? Ukikipata utashangaa milango ilivyo mingi. Udaktari kwa umri wangu na majukumu yangu ulikuwa mbali mno, sitaki kukudanganya, lakini uuguzi ulikuwa unafikika. Kuna bibi mmoja wa Marekani, Anna Mary Robertson Moses, wengi wanamjua kama Grandma Moses, alizaliwa 1860 akaishi shambani karibu maisha yake yote. Alikuwa anatengeneza picha kwa kudarizi, uzee ukaja na maumivu ya viungo, sindano ikawa haishikiki, akahamia kwenye brashi na rangi, na hapo alikuwa kwenye miaka 70 na kitu. Mwaka 1939 picha zake zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, na akaendelea kuchora mpaka uzee kabisa, alifariki 1961 akiwa na miaka 101. Kiini chake kilikuwa kutengeneza picha, sindano ilivyokataa akabadilisha kifaa tu.

Ukishapata kiini, usikimbilie kulipia kitu chochote. Nenda kaangalie mlango kwanza. Kuna vitu vina ukomo wa umri kwa sheria au kwa kanuni, kazi nyingi za jeshi kwa mfano, baadhi ya ufadhili wa masomo, baadhi ya ajira, na hapo hata ukiwa na moyo wa chuma hupiti, sasa kwa nini upoteze miaka miwili kujua kitu ambacho simu moja ingekuambia. Na kinyume chake ni kweli pia, kuna milango iliyokuwa imefungwa wakati ule wewe ukiwa kijana na sasa iko wazi ila hukurudi kuangalia. Vyuo vingi siku hizi vina njia ya kuingia kwa watu wazima ambao hawana vyeti vyote, wanapima uzoefu wako wa kazi au wanakupa mtihani wa kuingilia. Mzee Kimani Maruge wa Kenya ni mfano wangu hapa. Utotoni hakupata shule. Serikali ilivyotangaza elimu ya msingi bure mwaka 2003 yeye akaona lile tangazo linamhusu, Januari 2004 akaandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na Septemba 2005 alikuwa New York anazungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya msingi bure. Alifariki 2009. Watu wanapenda kusimulia habari ya umri wake tu, lakini mimi nataka uone kwamba kanuni ilibadilika, na kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa bado anafuatilia.

Kwa hiyo uliza vitu hivi na upate majibu ya maandishi: sifa za kujiunga ni zipi leo, sio zile unazozikumbuka wewe, kuna ukomo wa umri, ada yote kwa jumla mpaka kumaliza ni kiasi gani pamoja na vitabu, sare, mitihani na nauli, masomo ni ya muda gani na yanaweza kusomwa jioni au kwa masafa, na cheti chake kinatambuliwa na bodi au mamlaka gani. Hilo la mwisho jamani msilipuuze. Mtu mzima mwenye kiu ya kuanza upya na hela kidogo ya kiinua mgongo ndiye matapeli wanamtafuta, wanakuja na kozi ya wiki sita yenye ahadi ya ajira, cheti kina muhuri mzuri kuliko hata wa serikali, na ukienda nacho mahali hakina kazi. Chuo au kozi yoyote, kabla hujatoa hela, tafuta jina lake kwenye orodha ya mamlaka inayosajili, sio kwenye tangazo lao wenyewe.

Kama vyeti vyako vya zamani vimepotea anza kuvitafuta leo, maana hiyo ndiyo sehemu inayochelewesha watu kuliko masomo yenyewe. Mi cheti changu nilikifuatilia miezi mitano, jina moja lilikuwa limeandikwa kwa herufi tofauti, ikabidi kiapo, ikabidi barua, ikabidi kurudi tena na tena.

Sasa tuongelee muda, hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi za watu wazima zinafia. Kila mtu anasema nikipata muda. Mtu mwenye familia muda haupati, muda unauchukua kutoka kwenye kitu kingine, na lazima ukitaje hicho kitu kwa jina. Mimi nilichukua tamthilia ya jioni na kushika simu kabla ya kulala, ikatoka saa moja nzima, saa mbili usiku mpaka saa tatu, siku tano za wiki. Piga hesabu, saa moja mara siku tano mara wiki 50 ni saa 250 kwa mwaka. Na saa 250 sio mchezo, kuna masomo mazima yanafundishwa kwa saa chache kuliko hizo. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1993, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1970 akiwa na miaka 39, anafanya kazi ya kuajiriwa na analea watoto wawili peke yake, na alikuwa anaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Wewe kama alfajiri ndiyo inakufaa chukua alfajiri, kama ni usiku chukua usiku, ila isiwe inahamahama, saa inayohamahama inamezwa na vitu vingine.

Na saa hiyo huwezi kuilinda peke yako. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni, niliwaambia watu wa nyumbani naombeni mniunge mkono, wote wakasema ndiyo mama, tuko na wewe, na kesho yake saa mbili na dakika kumi mtu anagonga mlango anauliza chaja iko wapi. Wala hawakuwa wabaya, ni kwamba niliomba kitu ambacho hakishikiki. Wiki ya pili nikaomba vizuri: Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili mpaka saa tatu mlango ukifungwa nisiitwe isipokuwa mtu ameumia, baba fulani wewe utasimamia watoto kuoga na madaftari yao, na mkubwa utaosha vyombo. Kila mtu akajua kipande chake. Mume wangu hakufurahi mwezi wa kwanza, naomba niseme ukweli, aliona kama ninakimbia nyumba, na tulikaa tukaongea mara kadhaa, mwisho nilimwonyesha lile daftari la usiku wa wodini, lile lenye vitu vilivyofutwa. Hakusema kitu. Kesho yake saa mbili kasoro alizima redio mwenyewe.

Kuhusu hela nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona watu wameumia. Usiache kazi kwanza. Ile habari ya kuruka bila kuangalia chini inasikika vizuri kwa kijana asiye na mtu anayemtegemea, lakini wewe ukianguka unaanguka na watu watano. Jaribu ndoto yako miezi mitatu ukiwa bado kazini, uone kama unaipenda hata siku umechoka. Usiweke nyumba rehani, usimalize akiba yote ya uzeeni, na kama unataka kufungua biashara anza na ukubwa ambao ukipotea wote utaumia ila hutalala nje. Na umri wako kwenye biashara sio mzigo kama unavyofikiri. Kuna uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa waanzilishi wa kampuni Marekani, ukakuta zile kampuni zilizokua kwa kasi kupita zote, moja kati ya elfu, waanzilishi wake kwa wastani walikuwa na miaka 45 walipoanza. Wewe miaka yako yote ya kuona wateja wanavyolalamika, mabosi wanavyokosea, mzigo unavyopotea stoo, huo ni mtaji.

Haya, umeanza kusoma au kujifunza. Kichwa kinagoma. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakibaki kitu, unajiambia ubongo umezeeka. Kuna ukweli kidogo ndani yake, kasi ya kushika kitu kipya inapungua na umri, lakini sio kila kitu kichwani kinashuka kwa pamoja, msamiati kwa mfano unaendelea kukua mpaka watu wanafika kwenye miaka ya 60, na uwezo wa kuunganisha jambo jipya na yale unayoyajua tayari unao mwingi kuliko huyo kijana wa pembeni yako. Tatizo kubwa mara nyingi ni namna ya kusoma. Tulizoea kusoma kwa kurudia rudia ukurasa na kupiga mstari chini ya maneno, na hiyo njia ni dhaifu kwa mtu wa umri wowote. Soma mara moja, funga daftari, andika unachokikumbuka bila kuchungulia, kisha fungua uone ulichosahau. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Kuachanisha marudio hivi kunashikisha kitu kuliko kukesha nacho usiku mmoja, hilo limejulikana tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885. Na lala jamani, kumbukumbu inajipanga ukiwa usingizini, kukesha sasa hivi kutakugharimu kuliko ilivyokugharimu ukiwa na miaka 20.

Na kabla hujalaumu ubongo nenda kapime macho. Mi niliteseka mwezi mzima nikidhani siwezi kusoma kumbe nilikuwa sioni vizuri karibu, baada ya miaka 40 hiyo inampata karibu kila mtu. Pima na masikio, presha na sukari pia. Mwili nao ni kifaa cha kazi.

Aibu. Nitakupa siku moja tu. Jioni ya kwanza darasani, darasa la watu wanaorudia mitihani, niliingia nimevaa vizuri nimebeba mkoba, vijana wote wakasimama, shikamoo mwalimu. Nikasema marahaba, halafu nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma. Kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka leo. Mwalimu halisi akaja, kijana tu, angeweza kuwa mwanangu, akaandika ubaoni kugawanya sehemu, robo tatu gawanya kwa mbili ya tano, tufanye wenyewe. Nilishika penseli nikaangalia zile namba, sikumbuki kitu, miaka 27 imepita, nikawa nachora chora mstari ule wa katikati unene tu. Binti wa pembeni, ana kama miaka 19, akasogeza daftari lake kidogo upande wangu bila kuniangalia, akasema kwa sauti ya chini, mama hapo unaigeuza ile ya pili halafu unazidisha. Nikageuza. Nikazidisha. Kumi na tano juu ya nane. Ilikuwa sahihi.

Nilimuuliza yule binti maswali mwaka mzima, na yeye alikuwa ananiuliza mambo mengine ambayo hayako kwenye vitabu. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu aibu, usisubiri iishe ndipo uende, nenda nayo. Kaa karibu na anayejua, uliza siku ile ile ya kwanza, kwa sababu ukikaa kimya wiki mbili itakuwa ngumu zaidi kuuliza swali dogo.

Kufeli pia kupo. Kemia nilifeli mara ya kwanza. Nilikaa siku nne sijafungua daftari, siku ya tano nikaenda kuchukua matokeo yangu nikayaangalia vizuri, somo moja tu ndilo lililokuwa limeniangusha, mengine nimepita. Ukifeli fanya hivyo, pasua pasua hilo anguko uone ni kipande gani hasa, maana kwa mbali linaonekana kama maisha yote yamefeli. Nelson Mandela alianza kusomea shahada ya sheria mwaka 1943, akaondoka chuoni bila kuipata, akaendelea kuisoma kwa vipindi na kwa masafa, na shahada hiyo akaja kuipata 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, bado akiwa mfungwa, ana miaka 70 na kitu. Wakati huo alishakuwa mtu mkubwa duniani, bila ile shahada dunia ingemheshimu vile vile, na bado aliimaliza.

Kuna na ninyi ambao mnaanza upya sio kwa kupenda. Umeachika, umefukuzwa kazi, umetoka gerezani, umefiwa. Kwenu sitasema fuateni ndoto kesho asubuhi. Lieni kwanza, na mjipe kitu kidogo cha kufanya na mwili, kutembea, kulima, kushona, maana kichwa chenye majonzi hakipangi mambo vizuri na maamuzi makubwa ya hela yasubiri. Fauja Singh, mzee wa Kihindi aliyehamia Uingereza, alijitosa kwenye kukimbia uzeeni baada ya kufiwa na mke wake na baadaye mtoto wake wa kiume, na marathoni yake ya kwanza aliikimbia London mwaka 2000, kwa umri ulio kwenye pasipoti yake alikuwa na miaka 89. Kiu ya mashindano ilimkuta njiani, alianza kwa sababu kukaa ndani kulikuwa kunamuua.

Nilimaliza kozi nikiwa na miaka 49. Wiki ya kwanza wodini nikapewa karatasi, mgonjwa anatakiwa miligramu 250, chupa imeandikwa miligramu 500 kwa mililita 5. Inayotakiwa gawanya kwa iliyopo, zidisha kwa ujazo. Nusu mara tano, mililita mbili na nusu. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini nilijua cha kufanya.

Basi, kama umesoma mpaka hapa, leo usiku lipate daftari, andika ndoto yako juu, uanze kufuta. Kesho mchana piga simu moja mahali panapohusika na hicho kitakachobaki, uliza sifa za kujiunga, ukomo wa umri na ada yote. Andika majibu na tarehe, na uandike jina la aliyekujibu, kwa sababu ukirudi wiki ijayo utamkuta mtu mwingine kabisa pale dirishani.